Leseni za programu za kompyuta: Kwa nini zinakodishwa badala ya kuuzwa?

Bwawa la umeme la Nalubaale, lililo jirani na mtaa wa Nalufenya mjini Jinja, lilizinduliwa mwaka 1954 na limebaki kuwa mali ya umma. Hata hivyo, kwa miaka 20 mitambo yake, pamoja na ile ya Kiira iliyo kando yake, iliendeshwa na kampuni ya Eskom Uganda kwa mkataba uliomalizika tarehe 31 Machi 2023, kisha ikarejeshwa kwa UEGCL, kampuni ya serikali ya kuzalisha umeme. Miaka miwili baadaye, tarehe 31 Machi 2025, mkataba wa kampuni ya Umeme wa kusambaza nishati hiyo nchini, ulioanza mwaka 2005, nao ukafikia kikomo. Wakazi wa eneo hili hawahitaji kufundishwa tofauti iliyopo kati ya mwenye mali na aliyepewa haki ya kuitumia kwa muda.

Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mabadiliko yaliyozikumba programu za kompyuta zinazotumiwa na wasanifu majengo, wapima ardhi, wahasibu, wachapaji na wahariri wa picha. Zamani mtu alilipa mara moja, akapewa namba ya leseni, akaitumia programu hiyo kwa miaka aliyotaka. Leo programu nyingi za kitaaluma hutolewa kwa malipo ya kila mwezi au kila mwaka, na malipo yakikoma, programu hujifunga.

Mfumo huu huitwa usajili wa malipo, ingawa neno "kukodi" linaueleza vizuri zaidi. Mtumiaji wa mita ya Yaka anaweza kuona kwamba ni jambo lile lile, kwa kuwa yuniti zikiisha taa huzimika. Lakini umeme hutumika ukaisha; programu haipungui kwa kutumiwa. Mfano ulio karibu zaidi ni wa paneli za sola zinazolipiwa kidogo kidogo kwa simu, ambapo kampuni inaweza kuzima kifaa kutoka mbali mteja akichelewesha malipo. Hata hapo, awamu ya mwisho ikishalipwa, kifaa huwa cha mteja. Katika usajili wa programu hakuna awamu ya mwisho.

Leseni ya kudumu ilikuwa nini?

Ni vyema kuondoa dhana moja mapema. Aliyenunua leseni ya kudumu hakuinunua programu yenyewe. Hakimiliki ilibaki kwa kampuni iliyoitunga, na nchini Uganda haki hiyo inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006, ambayo inazitaja programu za kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Kilichouzwa ni ruhusa ya kutumia toleo fulani bila ukomo wa muda. Toleo jipya lilipotoka, mteja alikuwa na hiari: kulipa nyongeza ili alipate, au kubaki na lile la zamani.

Hata ruhusa hiyo ya kudumu ilikuwa na mwanya. Kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, kampuni nyingi ziliitaka kompyuta iwasiliane na seva zao mara moja ili leseni ikubaliwe. Seva hizo zikizimwa, anayebadilisha kompyuta hukwama. Adobe ilipozima seva za matoleo yake ya CS2 mwishoni mwa mwaka 2012, ililazimika kuwapa wateja wake nakala zisizohitaji uthibitisho huo. Kwa hiyo neno "kudumu" lilikuwa la kweli kwenye karatasi, lakini kwa vitendo lilidumu kadiri kompyuta, mfumo endeshi na nia njema ya kampuni vilivyodumu.

Pamoja na kasoro hizo, hiari ya kutokulipa tena ilikuwa na thamani kubwa. Duka la kuchapa kadi za harusi, kalenda na mabango liliweza kupitisha msimu mbaya bila kupoteza chombo chake cha kazi. Ofisi ya mpima ardhi iliweza kutumia toleo la miaka kumi iliyopita, na mipaka ya kiwanja haikupindika kwa sababu hiyo.

Mwaka ambao mambo yaligeuka

Tarehe 6 Mei 2013 Adobe ilitangaza kwamba haitatengeneza tena matoleo mapya ya Creative Suite, mkusanyo uliokuwa na Photoshop, Illustrator na InDesign, na kwamba kuanzia hapo programu hizo mpya zingepatikana kwa usajili pekee chini ya jina la Creative Cloud. Toleo la mwisho lililouzwa kwa leseni ya kudumu lilikuwa CS6, la mwaka 2012. Mkusanyo wake mkubwa kabisa uliuzwa Marekani kwa dola 2,599. Usajili ulianza kwa dola 49.99 kwa mwezi.

Hesabu ya haraka inaonyesha kwamba ingemchukua mteja miezi 52 ya usajili kulipa fedha sawa na bei ya mkusanyo huo. Kwa mtu aliyekuwa akinunua kila toleo jipya, huenda usajili ulikuwa nafuu. Kwa aliyezoea kununua mara moja na kukaa na toleo hilo miaka minane, ulikuwa hasara. Na kwa kijana anayeanza biashara, asiye na dola 2,599 mkononi, mlango uliokuwa umefungwa ulifunguka. Jambo hili la mwisho husahaulika mara nyingi katika malalamiko dhidi ya mfumo mpya, nalo ni la kweli, hasa katika miji ambako programu zilizovunjwa kufuli zilikuwa zikipita kutoka diski hadi diski kwa sababu bei halali ilizidi mtaji mzima wa duka.

Autodesk, inayotengeneza AutoCAD, ilifuata. Iliacha kuuza leseni mpya za kudumu kwa programu zake nyingi tarehe 31 Januari 2016, na kwa mikusanyo yake tarehe 31 Julai mwaka huo huo. AutoCAD, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, ilikuwa ikiuzwa Marekani kwa takriban dola 4,200. Usajili wake wa mwaka ukawa karibu dola 1,700. Microsoft ilikuwa imeanzisha Office 365 mwaka 2011, lakini yenyewe iliendelea kuuza pia matoleo ya kulipia mara moja. VMware, ambayo programu zake huendesha seva za benki, vyuo vikuu na idara za serikali duniani kote, ilitangaza mwisho wa kuuza leseni za kudumu mwezi Desemba 2023, wiki chache tu baada ya kununuliwa na Broadcom.

Sababu za kampuni si siri. Mauzo ya matoleo yalikuja kwa mafungu, mwaka wa neema ukifuatwa na mwaka wa ukame, na toleo la zamani lililokuwa zuri lilikuwa mshindani mkubwa wa toleo jipya. Malipo ya kila mwezi huleta mapato yanayotabirika. Faida ya Adobe ilishuka sana katika mwaka wa fedha wa 2013, wakati wateja walipokuwa wakihama, na mapato yake ya mwaka huo yalikuwa takriban dola bilioni 4. Katika mwaka wa fedha wa 2024 yalizidi dola bilioni 21.

Ipo pia sababu ya kisheria, isiyotajwa sana. Tarehe 3 Julai 2012, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua, katika kesi kati ya kampuni za UsedSoft na Oracle, kwamba leseni isiyo na ukomo wa muda iliyolipiwa mara moja ni mauzo, na kwamba mnunuzi anaweza kumuuzia mtu mwingine nakala hiyo iwapo yeye mwenyewe ataacha kuitumia. Leseni ya kukodi haina haki hiyo. Mpangaji hauzi nyumba.

Dola, kadi na mtandao

Kwa mlipaji wa Jinja au Mbale, bei iliyotajwa kwa dola ina mwendo wake wenyewe. Katikati ya mwaka 2013 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 2,600 za Uganda, hivyo usajili wa dola 49.99 ulikuwa kama shilingi 130,000 kwa mwezi. Mwaka 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 3,700. Usajili ule ule, hata kama kampuni isingeongeza senti moja, ungefikia shilingi 185,000, ilhali mteja wa duka la uchapaji hulipa kwa shilingi na hukumbuka bei ya mwaka jana. Aliyenunua leseni ya kudumu alikutana na thamani ya dola siku moja tu. Anayekodi hukutana nayo kila mwezi.

Malipo hayo kwa kawaida hukatwa kwenye kadi ya benki inayokubaliwa kimataifa, wakati biashara ndogo nyingi huendesha mambo yake kwa fedha taslimu na pesa za simu. Kadi ikiisha muda, au salio likipungua siku ambayo kampuni inakata, kazi husimama ingawa mwenye duka ana fedha mfukoni.

Halafu kuna mtandao. Programu ya usajili haihitaji intaneti kila dakika, na hili hukosewa na wengi, lakini lazima ithibitishe mara kwa mara kwamba malipo yanaendelea. Microsoft 365 na programu za Autodesk hutaka uthibitisho huo walau mara moja kila siku 30. Adobe huwapa waliosajiliwa kwa mwaka hadi siku 99, na waliosajiliwa kwa mwezi siku 30. Uganda ilipozimiwa intaneti kuanzia jioni ya tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, huduma ilirejea tarehe 18. Siku hizo hazikufikia ukomo wa kampuni yoyote kati ya hizo. Aliyekuwa hatarini ni yule ambaye tarehe yake ya kuthibitishwa iliangukia humo. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo, ushuru wa asilimia 12 ulianza kutozwa kwenye data ya intaneti, juu ya kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ukichukua nafasi ya ile tozo ya shilingi 200 kwa siku kwa watumiaji wa mitandao ya kijamii. Kila sasisho linalopakuliwa, na sasisho za programu hizi ni nzito, hupita chini ya kodi hizo.

Wanafunzi wako upande mwingine wa hesabu. Autodesk huwapa wanafunzi na walimu matumizi ya bure, yanayohuishwa kila mwaka kwa kuthibitisha kwamba mtu bado yuko chuoni. Mwanafunzi wa uhandisi anaweza basi kujifunza miaka minne kwa chombo ambacho, siku anapohitimu, kinamgeukia na kudai bei ya kazi kabla hajapata kazi.

Faili ni za nani?

Bei hujadiliwa zaidi kwa sababu inaonekana. Swali zito ni la siku ya kuacha kulipa.

Mpima ardhi anapochora mipaka ya kiwanja, mchoro ni kazi yake na ya mteja wake. Hakuna sheria inayompa mwenye programu umiliki wa mchoro huo. Lakini mchoro umehifadhiwa katika muundo wa faili unaosomwa kikamilifu na programu iliyoutengeneza, na programu hiyo sasa iko nyuma ya kufuli la malipo. Mgogoro wa ardhi unaweza kuibuka baada ya miaka kumi na tano; jengo huombewa kibali cha kuongezwa ghorofa wakati msanifu wake amestaafu; shule hutaka kitabu chake cha maadhimisho kichapwe upya na mabadiliko machache. Chini ya leseni ya kudumu, kompyuta ya zamani iliyofunikwa kitambaa pembeni mwa ofisi ilitosha. Chini ya usajili, mhusika hulazimika kulipa tena ili aifungue kazi yake mwenyewe.

Kampuni hazifanani katika jambo hili. Microsoft 365 ikikosa malipo huruhusu mtu kusoma na kuchapa nyaraka zake, ila si kuzihariri. Autodesk ina njia ya bure ya kutazama michoro kupitia mtandao, na muundo wake wa DWG husomwa pia na programu za kampuni nyingine. Faili za InDesign, zinazotumiwa kupanga vitabu na magazeti, ni ngumu zaidi kufunguliwa kwingine, isipokuwa zimehifadhiwa mapema katika muundo wa IDML. Neno "mapema" ndilo lenye uzito hapo, kwa kuwa kazi ya kuhamisha faili hufanyika wakati programu bado inafunguka.

Mwezi Oktoba 2019 watumiaji wa Venezuela walionja hali hii kwa ukali wake. Adobe iliwaarifu kwamba akaunti zao zote zingefungwa kwa kuzingatia amri ya rais wa Marekani ya vikwazo dhidi ya serikali ya nchi hiyo. Wabunifu na wapiga picha ambao hawakuwa na uhusiano wowote na serikali walipewa wiki chache kuhamisha kazi zao. Mwisho wa mwezi huo kampuni ilipata kibali cha serikali ya Marekani na huduma ikaendelea, lakini funzo kuhusu nani anashika ufunguo lilikuwa limekwisha kutolewa.

Kuacha kwenyewe pia kuna gharama. Tarehe 17 Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani, ikidai kwamba kampuni hiyo iliwaficha wateja ada ya kuvunja mkataba katika mpango unaoonekana kuwa wa mwezi ilhali ni wa mwaka unaolipwa kwa mwezi. Mpango huo ndio wengi huuchagua kwa sababu una bei ya chini, na aliye Mbale anauchagua kwa kubonyeza kitufe kile kile.

Wahasibu na njia ya kati

Katika uhasibu, mambo hayajawa meupe na meusi. Tally, programu iliyoanza nchini India mwaka 1986 na inayofahamika katika biashara za Afrika Mashariki, bado inatolewa kwa leseni ya kudumu. Kinacholipiwa upya ni huduma ya masasisho, na asiyelipa huendelea kutumia toleo alilonalo. QuickBooks ya kuwekwa kwenye kompyuta, inayojulikana sana katika mashirika na hospitali, ilikwenda njia nyingine: nchini Marekani kampuni ya Intuit iliacha kuuza usajili mpya wa matoleo yake ya Pro na Premier baada ya tarehe 30 Septemba 2024, ikiwaelekeza wateja kwenye huduma ya mtandaoni.

Hapa hoja ya kampuni ina nguvu yake. Mamlaka ya Mapato ya Uganda, URA, ilianza kuutumia mfumo wa ankara na stakabadhi za kielektroniki, EFRIS, mwezi Januari 2021 kwa biashara zilizosajiliwa kulipa kodi ya ongezeko la thamani. Programu ya uhasibu inayotaka kuunganishwa na mfumo kama huo lazima irekebishwe, na irekebishwe tena kanuni zinapobadilika. Toleo lililogandishwa mwaka 2012 huweza kuchora nyumba vizuri kabisa. Haliwezi kutoa ankara inayokubalika kwa URA. Kazi ya matengenezo ni ya kudumu na mfanyakazi wake hulipwa mshahara wa kila mwezi. Tatizo ni pale pango linapotozwa hata kwa kifaa ambacho mteja hahitaji kibadilishwe.

Programu zisizo na pango

Wapo wanaohama. LibreOffice hufanya kazi nyingi za Word na Excel. Inkscape, GIMP na Scribus hutumika kwa michoro, picha na upangaji wa kurasa. QGIS, iliyoanza mwaka 2002, imekubalika miongoni mwa wachora ramani. Leseni zake huria zinamruhusu yeyote kutumia, kunakili na hata kurekebisha. Wasomaji wa Kiswahili wana historia yao hapa: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya Kiswahili ya OpenOffice, ambayo ndiyo mzazi wa LibreOffice. Ilikuja kabla ya Microsoft kutoa Office yenye vitufe vya Kiswahili.

Mfano mkubwa zaidi, hata hivyo, uko katika afya. Vituo vya afya vya Uganda, ikiwemo Hospitali ya Rufaa ya Jinja ambayo sehemu yake ya watoto iko Nalufenya, hupeleka takwimu zao wizarani kupitia DHIS2, mfumo huria unaosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, nchini Norway. UgandaEMR, unaotunza kumbukumbu za wagonjwa hasa katika kliniki za VVU, umejengwa juu ya OpenMRS, mfumo huria mwingine ambao miongoni mwa mahali ulikoanzia kutumika ni Eldoret, magharibi mwa Kenya. Hakuna kampuni inayoweza kuzima takwimu hizo kwa kukosa malipo ya leseni. Zipo gharama za seva, mafundi na mafunzo, nazo ni kubwa, lakini hulipwa kwa watu wanaoweza kubadilishwa.

Kuhama si kazi ya siku moja. Mchapaji aliyezoea InDesign kwa miaka kumi hupoteza kasi, na mteja anayeleta faili ya Photoshop hataki maelezo. Ofisi nyingine hubaki na njia mbili: usajili mmoja kwenye kompyuta moja kwa kazi za wateja wanaoulazimu, na programu huria kwenye kompyuta nyingine. Affinity, iliyotungwa Uingereza na kupendwa na waliokimbia usajili kwa kuwa iliuzwa kwa malipo ya mara moja, ilinunuliwa na Canva mwaka 2024, na mwaka 2025 ikaanza kutolewa bure, huku zana za akili mnemba zikibaki kwa wanaolipia Canva.

Kwa anayehitaji Word na Excel za Microsoft bila malipo ya kila mwezi, mlango haujafungwa. Office 2016 na Office 2019 ziliacha kupata masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, lakini Office 2024 inauzwa kwa malipo ya mara moja, na usaidizi wake umepangwa kuendelea hadi Oktoba 2029.